Pima Mbili

Athmani alizikwa Kipini siku ya Jumatatu, na mimi habari zilinifikia Jumanne asubuhi, nimekaa mlangoni kwangu hapa Garsen nachambua mchele. Simu ililia, nikaona jina la Salma, binti yake, niliyemfundisha zamani, na kabla sijaipokea nilishajua. Athmani alikuwa mgonjwa tangu mwezi wa mfungo. Nilijua kuwa ni mgonjwa, na kila Ijumaa nilijiambia kesho nitakwenda kumtazama, na kila Jumamosi goti likaniuma, au mvua ikatishia, au nikakumbuka nguo za kufua. Sababu sikuzikosa. Salma hakulia kwenye simu. Alisema tu baba ametutoka, mwalimu, hitima ya kumsomea ni kesho baada ya adhuhuri, ukiweza uje. Nikasema nitakuja. Kisha nikarudi kwenye ungo wangu, nikachambua mchele ule ule mara tatu na nisione hata jiwe moja, kwa kuwa sikuwa natazama.

Nimefundisha jiografia katika shule za sekondari za huku Tana zaidi ya miaka thelathini. Walionipitia watawaambia kwamba mwalimu Dama hakuwa na mchezo darasani, sauti yangu ilisikika mpaka jikoni kwa wapishi, na mtoto akijibu kwa kunong'ona nilikuwa namkata palepale: sauti, rudia. Lakini lilikuwapo somo moja nililolifundisha nimewapa watoto mgongo, naandika ubaoni bila kugeuka, wao wakidhani ni ukali. Somo lenyewe ni fupi: ni nini kinachoifanya bandari ihesabiwe kuwa ya kina kirefu. Watoto wote huanza kwa kusema, maji mengi. Nami nawauliza, maji mengi saa ngapi? Maana maji ya bahari hayakai mahali pamoja. Hujaa na kupwa, kutwa kucha. Bandari haipimwi kwa maji yaliyojaa, hata yakijaa mpaka yakalowesha milango ya watu. Hupimwa kwa maji yaliyokupwa yakaisha, wakati wa bamvua, pale bahari inapokuwa chini kuliko siku nyingine zote. Saa ile, meli kubwa iliyosheheni ikiweza kuingia na kutoka bila kugusa chini, na kina hicho kikawa njia nzima tangu bahari kuu mpaka gatini, pakawa na nafasi ya meli kugeuka, mawimbi yasipige, na tope lisirudi kufukia kila mwaka, basi hapo pana bandari. Kikikosekana kimoja, una ufuo mzuri tu. Nilikuwa nayasema hayo kwa pumzi moja, nafuta ubao, naenda kwenye somo la reli.

Sikuyapata kitabuni. Niliyapata Kipini, kwenye mlango wa mto Tana, mwaka niliokuwa na miaka kumi na tisa, na mwaka ule mpaka leo sijaumaliza. Nilikuwa nimetoka kidato cha nne, nimekaa kijijini kwetu Ngao miezi sita nafukuza ndege kwenye mpunga, ndipo ikaja habari kwamba kuna wapimaji wametumwa Kipini kutazama kama panafaa kujengwa bandari kubwa, na wanatafuta karani anayeandika namba vizuri. Mwandiko wangu ulikuwa na sifa mpaka vijiji vya Wema na Hewani. Nikachukuliwa. Mjomba ndiye aliyenipeleka, akanikabidhi kwa mwanamke mjane aitwaye Bi Rukia, kwa sababu msichana hawezi kulala kambini na wanaume. Nakumbuka Bi Rukia alivyonishika mkono, wake una unga, akamwambia mjomba kwamba amenipokea kuwa amana, na kwake yeye amana ya Mpokomo na amana ya nduguye ni moja. Mimi ni Mkristo wa Ngao, yeye Muislamu wa Kipini. Alinionyesha kitanda cha kamba kando ya chake, akanitengea kikombe changu chenye maua, na tangu siku ile sikutoka mlangoni bila yeye kujua ninakokwenda.

Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja dogo lililoelekea mtoni, na asubuhi mwanga wa maji ulichezacheza kwenye boriti. Kilinukia samli, samaki mkavu na, siku za Alhamisi, udi. Tulikula ukumbini, sisi wanawake kwenye sinia moja. Mkate wa kumimina na chai ya tangawizi asubuhi, wali na samaki wa kupaka mchana. Mwanawe, Athmani, alikula barazani, kisha akapitisha sinia lake dirishani huku akimtania mama yake kwamba samaki wamekuwa wadogo tangu mgeni aingie. Alikuwa na miaka ishirini na mitano hivi, mrefu, mwenye kicheko cha kooni. Hakujua kusoma. Lakini Injinia, mkuu wa wapimaji, aliyetoka Nairobi na kupanga nyumba iliyogusana na yetu, alimwona siku ya kwanza tu akasema huyu ndiye wa kutupa bildi.

Bildi ni risasi nzito iliyofungwa kwenye kamba yenye alama za ngozi na kitambaa. Athmani alisimama mbele ya mashua, akaizungusha, akaiachia izame, na ilipogusa chini alipapasa alama kwa vidole vyake na kuita kwa sauti: pima tatu, pima nne na nusu. Pima ni urefu wa mikono miwili ya mtu mzima ikinyooshwa. Karani wa mashuani ilibidi airudie kabla ya kuandika, na akiirudia kwa uvivu Injinia alimwambia rudia, nisikie. Mimi kazi yangu ilikuwa nchi kavu. Ng'ambo kidogo ya nyumba zetu walisimamisha majini mti mrefu uliochorwa mistari na namba, na mimi nilikaa mbele yake kwenye kigoda, chini ya mwavuli mweusi, nikiandika kila robo saa maji yamefika mstari gani. Niliuliza ya nini. Injinia akatia kijiko kwenye bilauri ya chai, akanywa nusu, akanionyesha: kijiko ni kile kile, chai ndiyo imepungua. Bildi ya Athmani ilisema kina cha saa ile. Ili kujua kina cha maji yakiisha, walichukua hesabu yake wakaondoa yangu. Bila namba yangu, yake haina maana. Nilijivuna kweli kweli. Na tukawa na desturi yetu: mashua ikipita mbele ya mti, Athmani huinua mkono, nami huinua daftari. Haikuwa zaidi ya hapo, na wale wanaotaka hadithi ya mapenzi watafute mahali pengine.

Mji wote ulikuwa umeshaijenga bandari ile. Kwa kinyozi walikuwa wamegawana kazi, huyu mlinzi, huyu wa winchi. Ni mimi peke yangu, kwa bahati mbaya yangu, niliyesikia vingine. Ukuta kati yetu na Injinia ulikuwa wa udongo, na jioni tukichagua mboga na Bi Rukia sauti yake ilipita kama yuko nasi. Bi Rukia hakujua Kiingereza. Mimi nilijua kiasi. Alimwambia msaidizi wake kwamba hata fungu la mchanga mlangoni likichimbwa, mto huu kila gharika unashusha udongo wa nchi nzima, utafukia katika msimu mmoja. Hapa si bandari, alisema, hapa ni mlango wa matope, ila lazima tumalize vipimo ndipo tuseme. Bi Rukia akaniuliza wanasema nini wale. Nikamwambia wanasifu mchuzi wako. Akafurahi, akawatumia bakuli.

Asubuhi ninayoizungumzia ilikuwa ya bamvua, na mpunga wa kwanza ulikuwa umeanza kuletwa kutoka mashamba ya Ozi. Mashua siku ile ingekwenda baadaye kulipima fungu la mchanga la mlangoni, kipimo kikubwa kuliko vyote, maana njia yoyote ya meli ingepita pale. Mimi niko kwenye kigoda changu. Mara nikasikia michi. Michi mitatu kwenye kinu kimoja, kwa zamu, bila kugongana, uani kwa jirani. Walikuwa wanatwanga pepeta. Pepeta ni mpunga ambao bado haujakomaa, hukaangwa na maganda yake, ukitwangwa ungali moto punje hulala bapa, na huliwa na nazi iliyokunwa. Ngao tunatwanga hivyo hivyo, wasichana watatu kwenye kinu kimoja. Nilikuwa sijausikia mlio ule tangu nitoke kwetu, na nilipousikia nikataka kulia, mtu mzima mimi, karani.

Ilikuwa saa nne. Maji yalikuwa yakishuka, nayaona. Nikajiambia nusu saa tu. Lakini nilijijua, kwa hiyo nikachukua kalamu na kuandika kabisa mistari yote mpaka saa nane, kwa wino, namba zikishuka kidogo kidogo, nzuri, zimenyooka. Mtu wa Kipini asingelifanya kosa lile hata usingizini. Mimi nimezaliwa mtoni. Kwetu ukichomeka kijiti ukingoni na maji yakaanza kushuka, yatashuka leo, kesho, wiki nzima, na hakuna wa kuyageuza. Nilijua kuwa ya bahari hugeuka, nilikuwa nimeyaandika wiki ngapi. Lakini nilijua kama mtu anavyojua somo. Mwilini mwangu maji yanayoshuka yanashuka. Nikauacha mwavuli wazi, nikauegemeza kwenye kigoda ili kwa mbali uonekane una mtu, nikaenda. Bi Rukia alikuwa pale kinuni, akaniuliza kama kazi imeniruhusu. Nikamwambia Injinia mwenyewe amenipa ruhusa. Akanipa mchi.

Nilikula pepeta mpaka tumbo likanikaza. Niliimba. Nusu saa ikawa masaa manne mazima. Niliporudi kwenye mti nilisimama kama niliyepigwa. Maji yalikuwa yamepanda. Hayakupanda kidogo, yalikuwa yameimeza mistari niliyoandika, na mingine, na mingine juu yake, tofauti iliyozidi kimo cha mtu. Yaligeuka saa tano, saa moja tu tangu niupe mti mgongo. Na ndiyo maana mashua ilikwenda fungu la mlangoni saa ile, walikuwa wanangoja yajae ili wapite juu yake. Mwenye akili angejiuliza. Daftari liko mkononi. Ningeweza kwenda kwa Injinia jioni ile nikamwambia, bwana, sikuwapo, rudieni. Wangerudia kesho yake, bamvua bado ipo. Ningefokewa, labda ningefukuzwa. Kufuta sikuweza, wino ulikuwa umekauka, na mfuto ungeulizwa. Nikakaa kwenye kigoda, nikaendelea kuandika kuanzia pale, nikazipandisha namba haraka haraka mpaka zikakutana na maji. Jioni Athmani alipitisha sinia lake dirishani, na mara hii hakutania mtu.

Mchoro ulipotoka ulionyesha mfereji mlangoni, maana kwenye pima za Athmani waliondoa maji machache niliyoyabuni mimi. Kina kizuri, mahali ambapo watu wa Kipini kwa vizazi walikuwa wakivuka kwa miguu maji yakitoka. Athmani alipoonyeshwa alisema hapa hapana maji hayo. Msaidizi akamjibu kwamba ni hesabu zako mwenyewe, pima mbili ulizitamka wewe. Wiki ya pili wakubwa wakaja kutoka Mombasa na boti kubwa, wakataka kuupita mfereji ule maji yakiwa yameisha, kwa sababu ndivyo bandari inavyojaribiwa. Mji mzima ulikuwa ufuoni. Boti ikaingia kwa mbwembwe, ikasimama. Ikanguruma, ikarusha tope nyuma, ikalala upande. Walikaa pale juani tangu asubuhi mpaka maji yalipoamua kuwarudia, wakubwa na kofia zao, na watoto wakiwazunguka kwa miguu. Bi Rukia aliwapelekea chai na mikate ya kumimina kwa mtumbwi, kwa huruma. Nilimsaidia kumimina chai ile kwenye birika, nusu nikaimwaga chini, akaniuliza kama nina homa. Nikasema ndiyo.

Uchunguzi ulifanyika barazani kwa Bi Rukia, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kubwa. Wazee wa mji walikaa, vijana walisimama, Bi Rukia nyuma ya pazia la mlango. Injinia alikuwa mtu wa haki, au alitaka kuwa. Akasema kosa ni la aina mbili tu: ama kamba, ama mti. Akaliinua daftari langu juu, akawaonyesha watu, akasema ukurasa huu hauna hata mfuto mmoja, katika madaftari yote hili ndilo safi. Lilikuwa safi kwa sababu lilikuwa la uongo. Siku za kweli nilikuwa nafuta, upepo ulikuwa unapeperusha, maji yanarukaruka kwenye mstari huelewi uandike upi. Kisha akamgeukia Athmani. Akasema huyu ni mtoto wa hapa, anaitaka bandari iwe kwao, na mtu anayetaka kitu sana huita pima ambazo hazipo. Athmani akasema, "Pima mbili zilikuwapo, bwana. Nilizishika kwa vidole hivi." Injinia akamuuliza, tena waziwazi, mbele ya wote, kama asubuhi ile alipokuwa akipita alimwona karani yuko mahali pake.

Nilitazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa kandambili nyekundu. Nilijua anajua, maana aliinua mkono wake siku ile akiwa mashuani, na daftari halikuinuka. Pazia la mlangoni lilikuwa limetulia kabisa. Athmani akasema:

"Mwavuli niliuona."

Hakusema uongo. Watu wote waliisikia kuwa ndiyo, nami niliiacha iwe ndiyo. Hapo hapo akaambiwa arudishe kamba. Ilikuwapo ahadi kwamba kazi ikiisha atachukuliwa Mombasa, kwenye boti ya kupima, kazi ya kudumu; hilo nalo likaisha. Vijana waliokuwa wamesimama wakaanza kucheka kwa chini, na mmoja akaita kwa sauti ile ile ya mashuani, pima mbiliii. Jina lile lilimganda. Kuanzia jioni ile mpaka Jumatatu iliyopita alikuwa Pima Mbili, mtu aliyetamka uongo akaikosesha Kipini bandari.

Nilimfuata ufuoni. Alikuwa anaosha ile kamba kabla ya kuirudisha, anaisugua kwa mchanga alama moja moja, kwa utaratibu, kama ataitumia kesho. Nikaanza kulia, nikasema nitakwenda sasa hivi nikawaambie. Hakunitazama. Akasema, "Usiseme sasa. Ukisema watauliza ulikuwa wapi, na wewe ni amana ya mama. Watasema Bi Rukia alipewa msichana wa watu akamtoa kazini akatwange. Utasema siku yako." Mimi neno lile nililichukua kuwa ruhusa. Nimeishi nalo miaka arobaini na kitu nikijiambia Athmani mwenyewe ndiye aliyenikataza. Alichoniomba ni kungoja. Bi Rukia alikufa miaka michache baadaye, na baada ya hapo hapakuwa na mtu wa kulindwa isipokuwa mimi, na nikanyamaza hata hivyo.

Wapimaji waliondoka kabla ya gharika. Taarifa yao ilisema yale niliyoyasikia ukutani, kwamba mto ungefukia kila kitu, kwamba pasingefaa hata fungu lingekuwa na kina mara tatu. Hilo hakuna aliyelileta Kipini. Kilichobaki Kipini ni boti iliyolala upande na jina la Athmani. Injinia aliniandikia barua ya sifa, alieleza uangalifu wangu na usafi wa daftari, na kwa barua ile nilipata nafasi ya chuo cha ualimu. Kila mshahara niliowahi kupokea umetoka kwenye ukurasa ule. Sasa bandari imejengwa Lamu, malori yanapita barabara kuu ya Minjila na Witu, na nimewasikia watu wa Kipini kwa masikio yangu, hapa sokoni Garsen, wakisema yale malori yangekuwa yetu kama si Pima Mbili. Nilikuwa nachagua nyanya. Mimi, mwalimu wa jiografia, ambaye ningewaeleza kwa dakika tano wakaelewa, nikalipa nyanya nikaenda zangu.

Na hilo si baya kuliko yote. Mwaka mmoja, nikiwa nimeshakuwa mwalimu wa miaka mingi, aliingia darasani kwangu msichana mwembamba wa kidato cha pili, sauti haitoki, na nilipoita majina nikasikia jina la babake nikajua. Salma. Mwisho wa kila likizo alikuja na kifurushi cha gazeti, akasema baba kasema nikupe. Ndani yake pepeta. Hakuwahi kutuma barua wala salamu nyingine, kifurushi tu. Kwa hiyo nilijua kwamba anajua hata nilikula nini asubuhi ile. Sikuweza kuila. Nilimpa mlinzi wa langoni, na nikamwambia Salma mwambie baba asante, ilikuwa tamu. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananisamehe au ananikumbusha, na nimekuwa nikichagua jibu kulingana na siku.

Kisha somo la bandari likafika. Nilikuwa naandika ubaoni kama kawaida yangu nikasikia vicheko nyuma, na mtoto mmoja wa kutoka kwao akanong'ona pima mbiliii. Nikageuka. Salma alikuwa amesimama, amenyoosha mkono, uso unamwaka. Akauliza kitu, sikukisikia. Nikamwambia sauti, Salma, rudia. Akarudia: mtu mmoja akidanganya kipimo, bandari inaweza kuhamia kwingine? Lilikuwa swali zuri. Jibu lake ni hapana, mwanangu, na babako hakudanganya. Darasa zima lilikuwa linaningoja. Nilisema inategemea. Nikageukia ubao.

Basi Jumatano hii iliyopita nilishuka Witu, nikachukua bodaboda mpaka Kipini, nimejitanda leso, goti linauma kwa kweli mara hii. Baraza ni ile ile. Wanaume walikuwa wamejaa nje kwenye mikeka, masinia ya pilau yanapita, na mimi niliingizwa ndani kwa wanawake, mpaka kile chumba chetu chenye dirisha dogo. Boriti zile zile. Salma ni mtu mzima sasa, muuguzi, sauti bado ndogo. Alinishika mikono yote miwili akanipa shikamoo, nikampa pole, akasema tushapoa. Nikamwomba afunge mlango.

Nilimweleza yote, tangu michi mpaka kandambili nyekundu. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu, lile ambalo mtoto mwenye akili angeuliza: zile pima mbili zilikuwa za kweli? Nikamwambia zilikuwa za kweli, saa ile, kamba haikukosea, mti ndio uliokosa mtu. Na hata zisingekuwa, bandari isingekuja. Akakaa kwenye kitanda. Akaniambia kwamba baada ya ile siku ya darasani, shule ilipofungwa, alirudi nyumbani akamuuliza babake kwa nini alidanganya. Babake alimwambia hakudanganya. Naye akamjibu kwamba hata mwalimu Dama, anayejua bandari zote za dunia, alipoulizwa hakukataa. Salma akamkataza babake asije shuleni tena, siku za wazazi, kwa sababu ya kuchekwa. Athmani akawa anakuja mpaka langoni tu. Alikuwa anamwachia mlinzi mfuko wa mchele, anarudi.

Nilimkumbuka mtu yule wa langoni. Nilimwona mara mbili tatu nikiwa naelekea kwenye chumba cha walimu, mrefu, kofia mkononi, na kila mara nilizunguka nikapitia nyuma ya jikoni. Nilikuwa nimedhani ananingoja mimi.

"Mimi sikurudi kumwomba radhi baba," Salma alisema, "kwa kuwa sikujua kuwa nina kosa. Hata juzi, namlisha uji, bado nilikuwa mtoto aliyemsamehe babake uongo." Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. Nilimwambia nisamehe, akasema yeye si wa kuombwa peke yake, na akafungua mlango. Akanitangulia ukumbini, akalivuta pazia lile la mlango wa baraza likakaa upande, akawaambia wanaume waliokuwa nje kwamba mwalimu wake ana neno juu ya marehemu. Mikono ikasita kwenye masinia. Miongoni mwao niliwaona wazee wa umri wangu, na nikamjua mmoja, yule aliyeita pima mbiliii kwa mara ya kwanza. Ananyoosha shingo, kiganja kimekaa nyuma ya sikio.

Nilisimama kizingitini. Sauti ilinitoka ndogo, na mimi ni mtu ambaye nimelipwa maisha yangu yote kwa sababu ya kusema. Nikasema kwamba siku ile fungu lilipopimwa mimi sikuwapo kwenye mti, na kwamba Athmani aliita kweli. Yule mzee hakuondoa kiganja sikioni. Sikujua kama wamenielewa au hawakunisikia.

Nyuma yangu, karibu kabisa na bega langu, Salma akasema, "Sauti, mwalimu. Rudia."

Nikarudia.